Kaka Hajahama, Wilaya Yake Imehama

Wasomaji wanauliza, mwalimu mstaafu wa jiografia anajibu kutoka Kirumba, Mwanza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Igoma, nina duka la vipuri vya bodaboda. Kaka yangu yuko Houston, Texas, miaka kumi na moja sasa, anaendesha malori. Uraia alishapata na kura anapiga. Juzi kwenye simu ananiambia nyumba ni ileile, mlango uleule, lakini sehemu yake ya kumchagulia mbunge imebadilishwa tena, mara ya pili ndani ya miaka mitano. Nikajua ananitania. Mtu analalaje jimbo moja akaamkia jingine na kitanda hakijasogea? Na nani anaruhusu jambo hilo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka hakutanii. Na wewe mwenyewe ukipanda daladala mjini kurudi Igoma unavuka mpaka mara mbili. Mabatini ni jimbo la Nyamagana, Nyakato umeshaingia Ilemela, ukishuka Igoma umerudi Nyamagana. Konda hatangazi, na hakuna geti. Mpaka wa uchaguzi ni mstari kwenye karatasi, na karatasi ina mwenyewe.

Tusafishe neno kwanza. Sisi tukisema jimbo tuna maana ya anakotoka mbunge. Redioni Texas nayo inaitwa jimbo, wakati ina gavana wake na bunge lake. Basi Texas nitaiacha iwe jimbo kama watangazaji wanavyotaka, na vile vipande ambavyo kila kimoja kinapeleka mbunge mmoja Washington nitaviita wilaya. Wabunge hao wanakaa Baraza la Wawakilishi. (Wazanzibari mnisamehe, najua jina hilo mnalo.)

Sasa hesabu. Viti vya Baraza hilo ni 435 na haviongezeki. Walianza na 65 mwaka 1789, wakawa wanaongeza kadiri watu walivyozaliana na nchi ilivyotanuka, mpaka sheria ya 1911 ikafikisha 435 mara Arizona na New Mexico zilipojiunga. Sheria ya 1929 ikapiga msumari hapo. Alaska na Hawaii zilipoingia mwaka 1959 vilipanda hadi 437 kwa muda mfupi, halafu vikarudishwa.

Kila miaka 10, tangu 1790, wanafanya sensa. Matokeo yakitoka, viti vinagawiwa majimbo upya: kila jimbo linapewa kimoja, kisha vile 385 vinavyobaki vinagawanywa kwa kanuni ya hesabu wanayoitumia tangu 1941. Kwa kuwa jumla haikui, anayepata amemnyang'anya mwenzake. Baada ya sensa ya 2020 Texas alikohamia kaka yako ilipanda kutoka viti 36 hadi 38. California, ambayo tangu ijiunge mwaka 1850 haikuwahi kupoteza hata kimoja, ilishuka kutoka 53 hadi 52. New York ilipoteza kiti kwa upungufu wa watu 89. Si elfu 89, ni watu 89, katika jimbo lenye watu zaidi ya milioni ishirini.

Mimi naamini kabisa kwamba watu 89 wanaweza kupotea, kwa sababu nilikuwa karani wa sensa mwaka 2002. Nilipangiwa nyumba za huku Kirumba. Chumba kimoja cha kupanga nikamkuta mama na watoto wanne. Namuuliza mumewe, ananiambia yuko dago, kambi ya uvuvi huko visiwani, ana wiki mbili. Swali la sensa ni nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Hakulala. Mama akanishika mkono akanionyesha viatu vya mumewe vya ngozi, vimepangwa mlangoni, vimepigwa rangi. "Mwalimu, mtu ambaye viatu vyake viko hapa unasemaje hayupo?" Sheria ilikuwa upande wangu lakini moyo ulikuwa upande wa viatu. Nikamwacha bila kumwandika, nikiomba karani wa kisiwani awe amemkuta. Mpaka leo sijui kama mtu yule alihesabiwa na mtu yeyote.

Tuendelee. Jimbo likishajua lina viti vingapi, linakaa kuchora wilaya. Hata lile ambalo viti vyake havikuongezeka wala kupungua lazima lichore, maana ndani yake watu wamehamahama, na wilaya za jimbo moja zinatakiwa ziwe na watu sawa kadiri inavyowezekana. Kwa sensa ya 2020 wastani wa nchi nzima ulikuwa watu 761,169 kwa wilaya. Houston ikifura upande mmoja, mstari unasogezwa, na nyumba ya kaka yako iliyo pembezoni mwa mstari inajikuta upande wa pili.

Zamani hawakuwa na haraka hiyo. Sensa ya 1920 ilipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba watu wa mijini wamewazidi wa vijijini, Kongresi, yaani bunge lao la Washington, ilikaa miaka kumi mizima bila kugawa viti upya, kwa sababu wa vijijini waliona wanakwenda kupokonywa. Na ndani ya majimbo ilikuwa vibaya zaidi. Kule Georgia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wilaya ya tano yenye jiji la Atlanta ilikuwa na watu 823,680. Wilaya ya tisa ya jimbo hilohilo ilikuwa na watu 272,154. Kila moja ilipeleka mbunge mmoja. Yaani kura ya mtu wa shamba ilikuwa na uzito wa kura tatu za mtu wa Atlanta. Wapiga kura wakaenda mahakamani, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wilaya za Kongresi ndani ya jimbo lazima zilingane watu. Kuanzia hapo ramani haiwezi kulala kabatini. Kila sensa, kalamu.

Na hapo kwenye kalamu ndipo penye mambo. Wengi wanadhani mkishahesabu sawasawa na mkagawa sawasawa, haki imepatikana. Nami nilidhani hivyo, na nimefundisha ramani miaka thelathini.

Nilipostaafu, kiinua mgongo nilikitia kwenye dagaa, nikajiunga na kikoba cha akina mama wa Mwaloni. Tulikuwa 15: tisa tunauza dagaa, sita wanauza sangara. Taratibu mnazijua, watu watano watano, na kila kikundi kinatoa mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo. Wajumbe watatu basi. Katibu wetu, ambaye ni wa sangara, akajitolea kupanga vikundi, akaja na daftari lake la mistari. Kikundi cha kwanza: dagaa watano watupu. Cha pili: dagaa wawili, sangara watatu. Cha tatu: vilevile, wawili na watatu. Tukaridhika. Kila mtu ana kikundi, kila kikundi kina watano. Kura zikapigwa mchana kweupe na hakuna aliyeiba hata moja. Wakatoka wajumbe wawili wa sangara na mmoja wa dagaa. Sisi tisa tumeshindwa na watu sita! Mikopo mikubwa ya msimu ule wote ikaishia kwenye barafu na majokofu. Mimi mwenye cheti cha jiografia niligundua mwezi wa nne, nimekaa juu ya gunia, nachora vikundi vile kwa kidole kwenye vumbi.

Mwaka uliofuata tukampokonya daftari. Mnadhani tulitenda haki? Thubutu! Tukapanga dagaa watatu na sangara wawili kila kikundi, vikundi vyote. Wajumbe watatu, wote dagaa. Wenzetu sita wakabaki hawana wa kuwasemea, na mmoja wao hakunipa salamu mpaka Krismasi. Watu ni walewale 15, kura zilezile. Daftari tu ndilo lililohama mkono.

Mchezo wa Marekani ni huohuo, ila wao wana kompyuta. Ama unawarundika wapinzani wako wilaya moja, washinde hapo kwa kishindo na kura za ziada ziwaozee, ama unawatawanya kila mahali wasifike wengi popote. Una jina: gerimanda. Limetokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, aliyesaini mwaka 1812 ramani ya viti vya seneti ya jimbo lake. Wilaya moja ya huko Essex ilijikunja ajabu, na gazeti moja la Boston likaichora ikiwa na makucha na mbawa, likaiita kwa kuunga jina la Gerry na la salamanda, mnyama anayefanana na mjusi. Sisi wa mawe ya Mwanza tungesema kenge. Gerry mwenyewe alishindwa ugavana mwaka huohuo, akaenda kuwa Makamu wa Rais, akafia madarakani mwaka 1814. Jina limebaki kwenye ramani mbaya tu.

Karne mbili baadaye kenge bado wanazaliwa. Kule North Carolina mwaka 1992 walichora wilaya ya 12 ikifuata barabara kuu kwa kilomita kama 250, kutoka hapa hadi Musoma na chenji inabaki, na kuna mahali upana wake ulikuwa barabara yenyewe tu. Lengo lilikuwa kuunganisha mitaa ya Wamarekani weusi ili wapate mbunge, baada ya miaka mingi ya ramani zilizowanyima. Mahakama ya Juu ikaikataa mwaka 1996, ikisema rangi ya watu imetawala mchoro kupita kiasi. Hapo mimi nashindwa kucheka. Waliotawanywa miaka yote, siku wakikusanywa, ndiyo kosa linaonekana.

Sasa swali lako la nani anaruhusu. Katika majimbo mengi ramani inapitishwa na bunge la jimbo kama sheria nyingine, gavana anasaini au anakataa. Maana yake wanasiasa ndio wanaoshika daftari. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema kwamba ramani ikichorwa kwa upendeleo wa chama, hilo si jambo la mahakama za shirikisho kuamua. Majimbo machache, kama California, Arizona na Michigan, yalikabidhi kalamu kwa tume ya raia. Iowa wana lao: tangu sheria ya 1980 ramani inachorwa na watumishi wa kawaida wa ofisi ya bunge, ambao wamekatazwa kuangalia matokeo ya kura zilizopita, chama cha mtu, au anapoishi mbunge aliyeko. Wabunge wanapigia kura ramani iliyokamilika. Napenda sana utaratibu huo, kwa sababu mwaka wa tatu kikoba chetu kilifika hapohapo bila kusoma mambo ya Iowa. Daftari tulimpa mlinzi wa usiku, ambaye hauzi dagaa wala sangara, akatupanga kwa herufi za majina.

Kaka yako alibadilishiwa mara ya kwanza kwa ramani ya mwaka 2021, ile iliyofuata sensa, ikatumika uchaguzi wa 2022. Hiyo ni ya kawaida. Ya pili si ya kawaida. Agosti 2025, bila sensa mpya, bunge la Texas lilichora tena katikati ya muongo, na wakubwa wa Republican hawakuficha kwamba wanatafuta viti vitano zaidi. Wabunge wa Democratic walipanda ndege wakakimbilia Illinois ili akidi isitimie. Walishafanya hivyo mwaka 2003, safari ile walivuka kwenda Oklahoma, kwa ugomvi wa aina hiihii. Safari zote mbili walirudi na ramani ikapita. California nao wakajibu mapigo: Novemba 2025 wapiga kura wao walikubali kuiweka pembeni ramani ya tume yao na kutumia nyingine, inayolenga viti vitano kwa Democratic. Ndiyo yale ya mwaka wetu wa pili wa kikoba.

Mwambie kaka atoe kadi yake ya mpiga kura. Kadi za Texas zinaandikwa namba ya wilaya ya Kongresi. Aweke ya zamani na mpya pamoja, ataona namba zinasemaje. Na umwambie shikamoo ya Mwalimu haitumwi kwa simu, aje.

SWALI: Mwalimu, pole na majukumu. Nasoma safu yako nikiwa Nansio, Ukerewe. Sisi wa kisiwani mpaka wetu ni maji, hauhitaji mchoraji. Marekani kuna watu waliotengwa na maji kama sisi? Nao wanachezewa?

JIBU: Wapo, tena kwenye maziwa makubwa kama hili letu. Jimbo la Michigan lina vipande viwili vya nchi kavu vilivyotenganishwa na mlango wa maji wa Mackinac, Ziwa Michigan upande huu na Ziwa Huron upande ule. Kipande cha kaskazini ni kikubwa lakini kina watu laki tatu na kidogo tu. Wilaya inataka zaidi ya laki saba. Basi hesabu inawalazimisha kuungana na watu wa ng'ambo, nao wote wako wilaya ya kwanza ya Michigan. Mwaka 1957 lilifunguliwa daraja la kuvuka pale, kama ninyi na sisi tunavyoona magari yanavyopita Kigongo kwenda Busisi tangu Juni 2025 bila kusubiri kivuko. Daraja lakini halikubadilisha mstari wa uchaguzi. Waliobadilisha ni waliohama: Detroit, jiji kubwa la jimbo hilo, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, na sensa ya 2020 ikakuta chini ya laki sita na nusu. Michigan yote iliwahi kuwa na wabunge 19. Leo ina 13. Jimbo likipungua wabunge, kila wilaya inatanuka, na ya kule kaskazini inazidi kumeza nchi.

Hawaii ndio visiwa hasa. Wana wabunge wawili: mmoja wa Honolulu na jirani zake, mwingine anabeba sehemu iliyobaki ya kisiwa lilipo jiji hilo la Honolulu, pamoja na visiwa vingine vyote. Mbunge wenu akilalamika kuhusu gharama za boti, mpeni mfano huo.

SWALI: Mwalimu, sisi wa Katoro tulikuwa jimbo la Busanda, mwaka 2025 tukapewa jimbo letu. Ina maana na sisi tumechorwa kwa gerimanda?

JIBU: Kuchorwa mmechorwa, lakini kwa hesabu tofauti na ya Wamarekani. Kwetu ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kugawa majimbo, kwa kibali cha Rais, na kuyapitia angalau kila baada ya miaka 10. Mwaka 2025 vigezo vya Tume vilikuwa watu kuanzia 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la kijijini. Yakaongezwa majimbo manane, na ninyi Geita mlipata mawili, Katoro na Chato Kusini.

Tofauti kubwa iko hapa. Bunge letu linakua. Uchaguzi wa 2010 majimbo yalikuwa 239, wa 2015 yakawa 264, sasa ni 272. Ninyi Katoro mlipopata kiti, hakuna jimbo jingine lililopokonywa chake. Busanda ipo na mbunge wake yupo. Texas ikipata, New York inalia. Ndiyo maana kule wanaviziana kwenye ramani mpaka wabunge wanapanda ndege, na huku tunagombana zaidi kuhusu jimbo jipya litaitwa nani na makao makuu yatakuwa wapi. Lakini Busanda ilipokatwa vipande viwili, kuna mtu alikaa na ramani akaamua kata hii iende huku na ile ibaki kule. Hizo kata, mwanangu, ndizo za kuzitazama. Chukua orodha ya kata za pande zote mbili, na idadi ya watu wa kila kata kwa sensa ya 2022, ujumlishe mwenyewe. Ukimaliza niletee nilinganishe na yangu, kwa sababu ya kwangu nimeanza na nimekwama kwenye kata ya nne.